Mgongo wa Baba Mkwe

Hapa Ruiru watu huniletea ngozi zao. Nina kiduka cha sabuni na mafuta ya kujipaka, na mtu anayeuza mafuta hugeuzwa daktari apende asipende. Mama huja na mtoto aliyetokwa na vipele vya joto. Kijana huja na kidevu kilichochunwa na wembe. Mzee husimama mlangoni akisugua bega kwenye fremu huku akijifanya anatazama bei, na huyo ndiye ninayemhudumia kwanza. Namwambia aache maji ya moto sana, aoge vuguvugu, apunguze sabuni, ajipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, na asivae sweta juu ya ngozi tupu. Kisha namwuliza swali ambalo wengine huona si la muuza duka: nyumbani ni nani anakupaka mgongoni?

Wengi hucheka. Wachache hunyamaza, na hao nawaelewa. Waliosema jikune ujipatapo walitaka tuishi kwa kadiri ya uwezo wetu, na ni sawa, lakini hawakutuambia mtu afanye nini na pale mkono usipofika.

Mimi mambo haya niliyajulia Thika, tulipokuwa tukikaa Makongeni, mwaka ambao baba mkwe alikuja kuishi nasi. Mume wangu ni Mluhya na mimi ni Mkikuyu wa Gatuanyaga, kule kwenye vumbi na mbuzi mashariki mwa Thika. Mama mkwe alikuwa amefariki, na mume wangu na ndugu zake wakakubaliana kwamba mzee asiachwe peke yake katika nyumba ile ya magharibi, akae kwetu mpaka uchungu upungue. Watoto wetu wawili walikuwa shule za bweni, kwa hiyo tukampa chumba chao. Mume wangu alifanya kazi ya zamu kiwandani, na hata siku alizokuwa nyumbani alikuwa amelala. Mchana kutwa tulibaki wawili, mimi na mzee.

Nilimpenda yule mzee, na nataka hilo lijulikane kabla ya yote. Baba yangu mzazi alikufa nikiwa sijamjua vizuri, na siku ya kuolewa nilijiambia moyoni kwamba sasa na mimi nimepata baba. Alikuwa mrefu, mpole, mzee wa kanisa, mtu wa kuimba tenzi kwa sauti ya chini huku akichambua maharagwe ambayo hakuna aliyemwomba achambue. Alisifu chai yangu kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza kuinywa. Nilitaka akae kwetu, asichoke nasi, azeekee mikononi mwangu.

Lakini mikono yangu ilikuwa na sheria zake. Kabla ya harusi, mama mkwe aliniketisha jikoni kwake akanifunza adabu za nyumba ile. Usimpe baba mkwe mkono. Usikae kwenye kiti anachokalia. Usiingie chumbani mwake akiwamo. Ukimpelekea chakula, weka mezani, rudi nyuma, umkaribishe ukiwa umesimama mbali. Kwetu pia wakwe huheshimiwa, ila si kwa ukali huo. Nilimsikiliza kama mtu anayesomea mtihani, kwa sababu nilikuwa nimesikia yanayosemwa juu yetu wanawake wa upande huu: kwamba tunajua biashara lakini hatujui wakwe. Nikaapa kwamba mimi hawatapata la kusema. Na mimi nikishika jambo, nalishika mpaka jambo lenyewe lichoke.

Baridi ya Julai ilipoingia, baba akaanza kujikuna. Kwanza miguu, halafu mikono, halafu mgongo, na mgongo ndio uliomnyima raha. Ungemkuta ameuegemeza kwenye fremu ya mlango akipanda na kushuka taratibu, uso umetulia, na ukitokea tu anasimama wima na kukuuliza habari za sokoni. Mume wangu alimpeleka kliniki. Daktari akampima damu na mkojo, akasema hakuna ugonjwa, ni ngozi ya uzee imekauka, akampa mafuta ya tyubu. Yalimsaidia mpaka yalipoisha, kisha mwasho ukarudi.

Ukitaka kujua una majirani wangapi, tangaza nyumbani kwako kuna mtu anawashwa. Wa mlango wa kushoto alisema chumvi kwenye maji ya kuoga. Wa kulia alisema magadi. Mama mmoja wa kanisani aliniletea tawi zima la mwarobaini akaniambia nichemshe mpaka maji yawe meusi. Nilijaribu yote, maana mfa maji haachi kutapatapa, na mzee wa watu hakukataa hata moja. Chumvi ilimchoma pale alipojikwaruza. Magadi yalimkausha akawa na unga mweupe kwenye magoti. Mwarobaini ulimpa nafuu ya siku chache, kisha ngozi ikakaza, akawa anainuka kitini polepole kama mtu aliyevaa nguo ya kubana. Kila asubuhi nilimwuliza akiwa mezani na mimi nikiwa mlango wa jikoni, naye alijibu kwamba leo kuna afadhali.

Nikaenda Gatuanyaga kwa mama yangu. Mama hakuwa mtu wa kubahatisha. Ametulea kwenye ukavu ule, na ngozi zetu zilikuwa zikipasuka kila kiangazi. Alinikatia majani ya shubiri, ile wengi huita alovera, akanionyesha tena jinsi ya kuyasimamisha kwenye sufuria mpaka utomvu wa njano udondoke wote, kwa sababu ule wa njano wenyewe huwasha, kisha ndipo umenye na kuchukua ute mweupe. Akanipa chupa ya mafuta ya nyonyo, yale ambayo kwetu tunaita ya mbariki, ambayo bibi zetu walipaka watoto na maharusi. Akaniambia nisage oti ziwe laini kama unga wa uji, nizifunge kwenye kitambaa, nizikamue kwenye maji vuguvugu mpaka yawe kama maziwa, na mzee aogee hayo bila sabuni.

Kisha akasema jambo moja zaidi. Mzee akitoka bafuni, nisingoje akauke. Nimpake hapo hapo, nikianzia mgongoni, kwa kiganja, nikisugua mpaka mafuta yaingie. Nikamkumbusha kwamba yule ni baba mkwe na kwamba nimeolewa na watu wenye miiko yao. Mama alinitazama kama anayetazama mbuzi aliyejifunga kamba mwenyewe.

"Heshima gani hiyo ya kuacha mtu akiwashwa?" akasema. "Mpake, kwani utakufa?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba yeye hajui ya huko. Tukaachana tumenuniana, mimi nikiwa na shubiri begani na chupa ya mafuta mkobani, nikijiona ndiye mwenye adabu kati yetu wawili.

Dawa za mama zilifanya kazi, na hapo ndipo penye uchungu wake. Ndani ya muda mfupi miguu ya baba ikalainika. Mikono ikarudi kuwa mikono. Kifua, tumbo, shingo, kila alipofika mwenyewe palipona. Mgongo haukupona. Mume wangu akiwa macho alimpaka, lakini kwa haraka ya mtu anayesinzia, na wiki ya zamu mbaya ilipita bila baba na mwanawe kuonana isipokuwa mlangoni. Mimi nilitengeneza dawa, nikaiweka kwenye kigoda nje ya chumba chake, nikabisha hodi, nikaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Niliondoka upesi. Nilijua hata kutembea kwangu kuna heshima, na nilitaka asikie kwamba nimekwenda.

Mimi ndiye niliyemfulia. Mashati yake yalikuwa na vitone vya damu mahali pamoja, katikati ya mabega, chini kidogo ya kola. Niliyaloweka maji baridi, nikasugua pale kwa vidole vyangu, nikaanika. Mgongo wa mzee yule niliujua kwa mashati.

Nikafikiri, nikapata ujanja. Nilichukua gunzi la mahindi, nikalifunga kitambaa laini cha fulana kuukuu, nikalikaza kwenye mpini wa mwiko mrefu wa kusongea ugali. Ukilichovya kwenye mafuta, linanyonya. Ukilipitisha begani, linafika karibu na katikati ya mgongo. Niliona fahari. Nililiweka mezani mbele yake, nikarudi hadi mlangoni, nikamweleza namna ya kulitumia. Alilichukua, akaligeuza, akagusa kile kitambaa kwa kidole.

"Asante, mama," akasema. "Umefikiria sana."

Nilichukua maneno hayo nikayaweka moyoni kama tuzo. Siku zilizofuata, nikiwa jikoni, nilisikia mpini ukigonga ukuta wa chumba chake alipokuwa akihangaika, halafu kimya, halafu tena. Nilisimama na sufuria mkononi nikamsikiliza. Kati yangu na yeye palikuwa na mlango na hatua chache, na kiganja changu bado kilikuwa na mafuta ya nyonyo.

Watoto walipofunga shule, binti yetu alimpaka babu yake bila kuambiwa. Mjukuu hana mwiko. Alimkalisha uani juani, akampigia gumzo la shule huku akisugua, na mzee akafumba macho akawa anacheka kwa pua. Wakati huo wote wa likizo mashati yalitoka safi. Nilifurahi kuliko maelezo, na sikujiuliza kwa nini dawa ile ile, mafuta yale yale, yamefanya kazi sasa. Shule zilipofunguliwa vitone vikarudi.

Siku moja baada ya hapo alikuja mpaka mlango wa jikoni. Haikuwa kawaida yake. Naye alijua mipaka. Alikuwa ameshika chupa ya mafuta kwa mikono miwili, shati limefunguliwa vifungo vya juu.

"Mama," akasema, "hapa katikati hapafiki."

Alisimama hapo kitambo. Nilikuwa nimeinamisha macho kama nilivyofunzwa, kwa hiyo uso wake sikuuona. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba, nitashughulikia. Na nilishughulikia kweli. Alasiri ile ile nilikwenda kwa fundi seremala wa mtaani nikamwomba kijiti kirefu zaidi.

Hakukaa sana baada ya hapo. Alimwambia mume wangu kwamba anataka kurudi kwake, kwamba mvua zinakaribia na shamba halijilimi, kwamba baridi ya Thika haimpendi. Mume wangu alimsihi. Mimi pia nilimsihi, nikiwa nimesimama mbali, kwa maneno yote ya heshima niliyokuwa nayo. Alinishukuru kwa chai, kwa chakula, kwa dawa. Akasema nimemtunza. Nilimfungia shubiri, oti na mafuta kwenye mfuko, na kile kijiti nikakifunga juu yake kwa kamba. Alipoondoka nililia jikoni, nikajiambia kwamba wazee wote hutamani kwao.

Tulihamia Ruiru mwaka uliofuata, na Desemba ile tukaenda kumwona. Tulifika adhuhuri. Mume wangu alibaki njiani akisalimiana na majirani, nami nikatangulia na mizigo. Nilipozunguka nyumba kuingia uani, nikamkuta baba amekaa kwenye kigoda, kifua wazi, mgongo umelielekea jua. Nyuma yake alikuwa amepiga magoti mke wa shemeji yangu mdogo, mzaliwa wa huko huko, Mluhya kindakindaki, mkwe kama mimi. Alikuwa akichota samli kwa vidole kutoka kwenye kikombe na kumpaka mzee mgongo mzima kwa viganja viwili, bila haraka, huku akimsimulia habari za kuku aliyeacha mayai. Mgongo wenyewe ulikuwa laini na unang'aa. Hapakuwa na alama hata moja.

Neno la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa kwamba huyu dada hana adabu. Nisidanganye, ndilo lililotangulia. Kisha baba akageuka akaniona.

Alivuta shati lake upesi, akajifunika, akalishika kwa mbele kwa mikono yote miwili. Uso ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa na kitu cha aibu.

"Usiogope, mama," akaniambia kwa upole. "Hii kitu haiambukizi. Hata daktari alisema."

Sikuelewa. Niliweka mizigo chini nikamwamkia, naye akaitikia, akainuka akaingia ndani kuvaa vizuri. Ni yule mke wa shemeji aliyenieleza baadaye, tukiwa jikoni tukichambua mboga, na alinieleza bila ubaya wowote. Nilimwuliza kuhusu mwiko. Alicheka.

"Hiyo ni mambo ya kitambo," akasema. "Na hata wale wa kitambo, mtu akiwa mgonjwa wanaiweka kando. Mama mkwe mwenyewe alituambia hivyo akiwa kitandani. Alisema mzee akizeeka ni mkono atataka."

Mimi sikuwapo aliposema hayo. Nilikuwa Thika, nimeshika yale aliyonifunza jikoni miaka mingi kabla, na hakuna aliyefikiria kuniletea habari kwamba yamelegezwa. Wangefikiriaje? Wao walidhani mgeni hafuati hata nusu.

Nikamwuliza dada huyo, baba alisema nini juu yetu aliporudi. Akasema mzee hakulalamika hata kidogo. Alisema mkwewe wa Thika anajua dawa kuliko kliniki, na kwamba ana moyo mzuri, ila ngozi ya mzee ilimtia kinyaa. Ndiyo sababu anaweka dawa chini na kukimbia. Ndiyo sababu alimtengenezea kijiti, na cha pili kirefu zaidi. Alikuwa amewaambia nyumbani wasinilaumu, kwamba hata yeye angekuwa mimi angeogopa.

Nimewahi kutukanwa na watu, nimewahi kusingiziwa, na huwa najibu. Siku hiyo sikuwa na wa kumjibu. Hakuna aliyenikosea. Mama mkwe alinifunza kwa nia njema, nami nilishika kwa nia njema, na yule mzee alikaa kwenye chumba cha watoto wangu mwaka ule wote akiamini kwamba ananichukiza. Kila nilipokwenda upesi ili asikie heshima yangu, yeye alisikia miguu ya mtu anayekimbia ukoma.

Jioni nilimfuata alipokuwa amekaa na redio yake. Nilimweleza yote, kutoka jikoni kwa mama mkwe mpaka kwa fundi seremala. Nilimwambia nilifikiri ndivyo anavyotaka. Nilimwambia mama yangu alinikanya na sikumsikiliza. Alinisikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa kila jambo, na nilipomaliza akasema, "Nimeelewa, mama. Usijisumbue." Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyonishukuru nayo kwa gunzi. Alikuwa mtu wa adabu mno hata usingeweza kujua kama amekuamini. Nikamwomba nimpake mgongo. Akasema kwamba ameshapakwa leo, nisichafue mikono, labda kesho.

Kesho yake tulikuwa tunaondoka. Niliamka mapema nikapasha samli moto kidogo ilainike, lakini nilipotoka nilimkuta ameshaoga na kuvaa, shati limefungwa hadi shingoni, na koti juu yake, amekaa tayari kutuaga. Niliirudisha ile samli jikoni. Hatukuonana tena. Aliaga dunia masika yalipoanza, usingizini, na walioniarifu walisema kwamba alikwenda bila maumivu.

Asubuhi ile ya kuagana alimkumbatia mwanawe, akamwombea safari. Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba ile, akainua mkono wa kulia ili anipe. Nilikwisha kunyoosha yangu yote miwili, nilipoona ameurudisha wake. Aliupangusa kwanza kwenye koti, kiganja na mgongo wa mkono, akautazama kama uko safi, ndipo akanipa.